Gemu za Kupanga

Ndani ya gemu iitwayo Hi-Fi Rush kuna mkuu wa idara ya utafiti, jina lake Zanzo. Ni bwana wa mbwembwe, kila dakika anabuni roboti mpya, na njia ya kumshinda ni kumfanya atumie fedha mpaka bajeti yake ikauke. Bajeti ikikauka, Zanzo amekwisha.

Gemu nzima imejengwa juu ya mzaha wa namna hiyo. Shujaa wake, Chai, ni kijana anayeota kuwa nyota wa muziki wa roki. Anajitolea kuwekewa mkono wa roboti na kampuni kubwa ya Vandelay, na katika shughuli hiyo kicheza muziki chake kinanasa kifuani. Tangu hapo dunia yote inakwenda kwa mdundo wa kifua chake: mitambo, ngazi, taa, hata ngumi za maadui. Kampuni inamwita bidhaa yenye kasoro na kutuma walinzi wamkamate. Maadui wakubwa anaopambana nao ni wakuu wa idara, mmoja baada ya mwingine: uzalishaji, utafiti, usalama, masoko, fedha. Unacheka, unapiga gitaa, unawapiga.

Tarehe 7 Mei 2024, Microsoft, iliyokuwa ikiimiliki studio ya Tango Gameworks ya Tokyo iliyotengeneza gemu hiyo, ilitangaza kwamba studio inafungwa. Haukuwa umepita hata mwezi tangu Hi-Fi Rush ishinde tuzo ya BAFTA ya uhuishaji. Mwisho wa 2023 ilikuwa imeshinda tuzo ya ubunifu wa sauti katika The Game Awards. Aprili 2023 Aaron Greenberg, wa masoko wa Xbox, alikuwa ameandika mtandaoni kwamba gemu imefanya vizuri katika vipimo vyote muhimu. Na studio yenyewe ilikuwa imetangaza kwamba watu milioni 3 wameicheza.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho. Inahesabu waliocheza, haihesabu walionunua. Zamani maneno hayo mawili yalikuwa karibu kitu kimoja. Sasa yameachana, na nafasi iliyopo kati yake ndiyo ninayotaka kuiandikia hapa, kwa sababu naamini imeanza kubadilisha gemu zenyewe: zipi zinatengenezwa, zinaisha vipi, na zipi tutaweza kuzirudia baada ya miaka 20.

Tuanze na ukuta.

Gemu ya kufungiwa ni ile inayopatikana kwenye konsoli ya kampuni moja tu. Ukitaka Mario, nunua konsoli ya Nintendo. Tumezoea hivyo hata tunaona ni maumbile, lakini kaseti ya muziki haikuwahi kuuliza redio yako imetengenezwa na nani. Ukuta huu ulijengwa. Katika miaka ya 1980 Nintendo iliweka ndani ya konsoli yake ya NES kifaa kidogo cha kufuli, na kaseti isiyokuwa na ufunguo wake haikufanya kazi. Kampuni zilizotaka ufunguo zilikubali masharti: zisitoe gemu zaidi ya 5 kwa mwaka, na gemu hizo zisionekane kwenye konsoli ya mshindani kwa miaka 2.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Halo. Mwaka 1999 Steve Jobs alipanda jukwaani New York akaitambulisha Halo, kazi ya studio ya Bungie, kuwa gemu itakayokuja kwenye kompyuta za Mac. Mwaka uliofuata Microsoft ikainunua Bungie, na Novemba 2001 Halo ikatoka pamoja na Xbox ya kwanza, kwenye Xbox peke yake. Hakuna kitu katika hadithi yake, wala katika bunduki zake, kilichoitaka Xbox. Hundi ndiyo iliyoitaka.

Hata hivyo ukuta huo ulikuwa na faida yake, na mhakiki mkweli lazima aiseme. Juni 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilikuwa mahakamani San Francisco ikijaribu kuizuia Microsoft isiinunue Activision Blizzard. Sony iliwasilisha hati zake zikiwa zimefutwafutwa kwa kalamu nyeusi ya wino mzito. Wino haukutosha. Hati zilipowekwa wazi, tarakimu zilisomeka: The Last of Us Part II iligharimu kama dola milioni 220, na Horizon Forbidden West kama dola milioni 212.

Nani hutoa dola milioni 220 kwa hadithi ya kisasi ambayo katikati yake inakunyang'anya mtu unayempenda na kukulazimisha uishi saa nyingi ndani ya mtu unayemchukia? Ni mtu anayeuza konsoli. Kwake gemu ni tangazo la sanduku, na tangazo linaruhusiwa kuwa la ajabu, gumu, hata la kuudhi, mradi watu waongee na sanduku litoke dukani. Kazi nyingi tunazozitaja kama fahari ya sanaa hii zililipiwa kwa mantiki hiyo. Ukuta uliwaacha nje mamilioni, lakini waliokuwa ndani walipikiwa vizuri.

Ukuta una vichekesho vyake pia, na Tango waliishi ndani ya kimojawapo. Kabla Microsoft haijainunua ZeniMax, kampuni mama ya Tango, Sony ilikuwa imekwisha kufunga mkataba juu ya gemu yao nyingine, Ghostwire: Tokyo. Kwa hiyo Machi 2022 gemu iliyotengenezwa na studio ya Microsoft ilitoka kwenye PlayStation 5 na kwenye kompyuta, wenye Xbox wakasubiri mpaka Aprili 2023. Phil Spencer, aliyekuwa akiiongoza Xbox, alieleza mahakamani kwamba mikataba ya aina hiyo, pamoja na habari kwamba Starfield nayo huenda ikaikosa Xbox, ilichangia uamuzi wa kuinunua ZeniMax nzima. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola bilioni 7.5. Starfield ikatoka Septemba 2023, na safari hii waliobaki nje ya mlango walikuwa wenye PlayStation.

Kisha kikaja kifurushi.

Yeyote aliyewahi kulipia king'amuzi anakijua kiumbe hiki. Unalipa mwanzo wa mwezi, unapata chaneli nyingi kuliko macho uliyonayo, na mwezi ukiisha bila malipo unabaki na kioo cheusi na maandishi meupe. Juni 2017 Microsoft ilianzisha Game Pass: dola 9.99 kwa mwezi, gemu zaidi ya 100. Januari 2018 ikatoa ahadi iliyotikisa biashara: kila gemu ya studio zake itaingia kwenye kifurushi siku ileile inapoingia madukani, kuanzia na Sea of Thieves mwezi Machi. Sony ilikuwa na PlayStation Plus tangu 2010. Mwaka 2022 ikaipanga upya katika ngazi tatu, ila ikakataa kuzitia humo gemu zake kubwa siku ya kwanza.

Sitaki kukidharau kifurushi, kwa sababu kilitupa Pentiment.

Pentiment, ya studio ya Obsidian, ilitoka Novemba 2022. Ni gemu ya kusoma. Tuko Bavaria, mwaka 1518, katika mji wa kubuni wa Tassing na abasia iliyo jirani nao. Andreas Maler, mchoraji kijana, anafanya kazi ya kupamba vitabu katika chumba cha waandishi cha abasia, chumba ambacho tayari kimepitwa na wakati, maana mitambo ya kuchapa imekwisha kufika mijini. Mgeni wa hadhi, baroni, anauawa. Rafiki yake Andreas, mtawa mzee, anashukiwa. Andreas ana siku chache za kuuliza, na njia yake kubwa ya kuuliza ni kula: anakaa mezani kwa mkulima, kwa mwashi, kwa mchapishaji, anasikiliza wanachosema na wasichosema. Muda hautoshi kufuata kila dalili. Mwishowe lazima ataje jina, na aliyetajwa ananyongwa au kukatwa kichwa mbele ya mji. Gemu haikuambii kama ulimpata muuaji. Miaka 7 baadaye unarudi Tassing na watu wanakumbuka ulimtaja nani.

Hakuna sauti za waigizaji. Maneno huandikwa mbele yako, herufi kwa herufi, na mwandiko hufuata msemaji. Mtawa husema kwa herufi za abasia, mkulima kwa mkono wa harakaharaka, mchapishaji kwa herufi za chuma zinazopangwa kinyume kisha kugongwa kwa kishindo. Makosa ya tahajia hutokea, kisha husahihishwa palepale wino ukiwa mbichi. Na Andreas akitambua kwamba mtu aliyemdhania hana elimu kumbe amesoma, mwandiko wa mtu huyo hubadilika mbele ya macho yako. Sisi tunaosoma Kiswahili, lugha iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu karne kadhaa kabla ya kuvikwa herufi za Kirumi, hatuhitaji kuelezwa kwamba mwandiko hubeba tabaka, dini na madaraka. Sijapata kuona gemu nyingine iliyolielewa jambo hilo kwa kina hiki.

Josh Sawyer, aliyeiongoza, amesema waziwazi kwamba bila Game Pass asingependekeza hata kuitengeneza. Namwamini. Mtu aliyesimama dukani na fedha ya gemu moja hujihadhari, anachukua ile anayoijua. Mtu aliye maktabani hufunua kitabu asichokijua kwa sababu kukirudisha rafuni hakumgharimu chochote. Kwa miaka michache kifurushi kilifanya kazi ya maktaba, na timu ndogo ikapewa nafasi ya kutengeneza gemu kuhusu watu wanaobishana juu ya zaka na misitu ya kukata kuni. Anayesema vifurushi vimeleta takataka tupu hajaicheza Pentiment.

Shida ni kwamba maktaba haitafuti faida, na mwenye kifurushi anaitafuta. Bidhaa yake ni mwezi ujao. Kila kitu kilichomo ndani ya kifurushi kinapimwa kwa swali moja: je, kimemfanya mtu aje, na je, kimemfanya abaki?

Sasa itazame Hi-Fi Rush kwa swali hilo. Ilitangazwa na kutoka siku moja, tarehe 25 Januari 2023, bila matangazo ya miezi. Inachezeka kwa saa kama 10 au 12. Ina mwanzo, kati na mwisho. Kila pambano limepimwa kama kipande cha muziki, na mwisho wake unakuacha umeshiba. Katika sanaa yoyote nyingine kumaliza vizuri ni sifa. Kwa anayetoza kwa mwezi, mteja aliyeshiba ni mteja anayekaribia kuondoka. Gemu inayompendeza zaidi ni ile isiyoisha: ya mechi za mtandaoni, yenye misimu, zawadi za kila siku na adhabu ndogo ya kukosa siku. Angalia kilichonunuliwa kwa fedha nyingi kuliko vyote. Oktoba 2023 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard, uliotangazwa kwa dola bilioni 68.7, na ndani ya furushi hilo kulikuwa na Call of Duty, World of Warcraft na Candy Crush, gemu tatu ambazo hakuna anayezimaliza.

Activision yenyewe ina asili ya kusikitisha ukiifikiria leo. Ilianzishwa mwaka 1979 na waandishi wa programu waliotoka Atari, waliochoka kuona majina yao hayatajwi kwenye gemu walizozitengeneza na faida haiwafikii. Ilikuwa kampuni ya kwanza ya kutengeneza gemu za konsoli isiyomiliki konsoli. Miaka 44 baadaye ikaingia tumboni mwa mwenye konsoli. Miezi mitatu baada ya ununuzi, Januari 2024, Microsoft ilitangaza kuwapunguza wafanyakazi 1,900 wa upande wa gemu.

Na kodi? Wapangaji tunajua kodi huenda upande mmoja. Ngazi ya juu ya Game Pass ilianza kwa dola 14.99 mwaka 2019. Mwaka 2023 ikawa 16.99, mwaka 2024 ikawa 19.99, na Oktoba 2025 ikawa 29.99. Ikawa maradufu katika miaka sita na ushei. Sony nayo, Septemba 2023, ilipandisha ngazi ya chini ya PlayStation Plus kutoka dola 59.99 hadi 79.99 kwa mwaka. Sioni ajabu katika hilo. Mwenye nyumba hungoja uhamishe kabati, uwaandikishe watoto shule ya jirani, ndipo aje na daftari jipya.

Kodi inaniudhi, lakini hofu yangu kubwa ni ya siku nyumba itakapobomolewa.

Uhakiki ni kazi ya kurudia. Ninaposema kwamba mwandiko wa mtu katika Pentiment hubadilika Andreas anapomfahamu, nakupa haki ya kwenda kuangalia na kurudi kuniambia nimetia chumvi. Bila haki hiyo tunabaki na kumbukumbu na ushabiki. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yametufikia kwa sababu watu waliyakariri, na wengine, Mwalimu Sikujua mmojawapo, wakasaidia yakusanywe na kuandikwa. Hawakuhitaji seva ya mtu iwe inawaka. Fasihi hudumu kwa nakala zilizotawanyika mikononi mwa watu wasiojuana.

Kwa gemu hali ni hii. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014. Kwa kuwa ilihitaji mtandao hata ukicheza peke yako, diski za walioinunua kwa fedha zao zikawa vigae. Desemba 2024 Forza Horizon 4 iliondolewa madukani na kwenye Game Pass, maana leseni za magari na muziki uliomo zina tarehe ya mwisho. Waliokuwa wameinunua walibaki nayo. Waliokuwa wakiicheza kwa kifurushi walibaki na picha walizopiga.

Wako walioamka. Baada ya The Crew kuzimwa, mtengeneza video Ross Scott alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, inayodai kwamba gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka hata msaada wa kampuni ukikoma. Ombi lao katika Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni 1 Julai 2025. Jimbo la California nalo lina sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali aeleze wazi, pale anapotumia neno "nunua", kwamba unachopata ni leseni. Ni sheria ndogo, lakini imelirudishia neno maana yake, na sisi watu wa maneno tunapaswa kuishukuru.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili lina sura nyingine, maana mara nyingi hata upangaji wenyewe tunanyimwa. Mei 2024 Sony ilisema kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima awe na akaunti ya PlayStation Network. Mtandao huo hauhudumii rasmi sehemu kubwa ya dunia. Matokeo yake gemu iliondolewa kwenye duka la Steam katika nchi na maeneo 177, sehemu kubwa ya Afrika ikiwa ndani ya orodha, baada ya watu kuwa wamekwisha kuinunua. Kelele zilikuwa kubwa. Ndani ya siku chache Sony ikaghairi sharti la akaunti, ingawa duka halikufunguliwa tena papo hapo katika nchi hizo.

Mchezaji wa Dar es Salaam au Nairobi hakushangaa. Anajua mtindo: unafungua akaunti ya Marekani au ya Afrika Kusini, unaandika anwani ya mtaa ambao hujawahi kuukanyaga, unanunua kadi ya zawadi kwa mtu anayeziuza WhatsApp, na unaomba Mungu asije siku moja mtu wa mbali akagundua kwamba hukai huko. Hata uaminifu wako wa kulipa unalazimika kupita mlango wa uongo. Kisha unaambiwa tatizo la Afrika ni uharamia.

Ndiyo maana nautetea utamaduni wa kibanda cha gemu, ambako mimi na wengi wa rika langu tulijifunza kucheza. Televisheni moja, PS moja, pedi mbili zilizofungwa solotepu, benchi, na kijana mwenye saa anayedai chake kila mechi ikiisha. Najua nacho kibanda ni kupanga: tulilipa, tukacheza, tukaondoka mikono mitupu. Tofauti iko kwa mwenye kibanda. Alikuwa na kitu. Diski ilikuwa yake, aliinunua kwa mtu aliyekwisha kuichoka, akaichezesha mtaa mzima msimu mzima, na gemu mpya ya mpira ilipotoka akaiuza ile ya zamani kwa mwenye kibanda cha mtaa wa pili. Hakuna mkataba wa Tokyo wala wa Redmond uliopanga safari hiyo. Diski moja ililisha vijana mia, na ikiwa haijakwaruzika bado inafanya kazi mahali fulani.

Mnyororo huo unakatwa kimyakimya. Novemba 2024 Sony ilianza kuuza PlayStation 5 Pro kwa dola 699.99, bila sehemu ya kuingizia diski. Ukiitaka, unainunua peke yake. Kifurushi hakiuzwi mtaa wa pili. Akaunti hairithiwi kama baiskeli. Kwa mchezaji wa Ulaya mwenye kadi ya benki na intaneti isiyokatika, hasara hii ni ya kinadharia. Kwa aliyeingia kwenye sanaa hii kupitia mkono wa pili na wa tatu, ni mlango wa mbele unaozibwa kwa matofali.

Wakati huohuo ukuta wa zamani unabomoka, na wengi wanashangilia. Februari 2024 Microsoft ilitangaza kuzipeleka gemu zake nne kwa washindani. Zilikuwa Sea of Thieves, Grounded, na zile mbili ambazo nimezizungumzia muda wote huu: Pentiment na Hi-Fi Rush. Hi-Fi Rush ilifika PlayStation 5 mwezi Machi, na kufungwa kwa studio yake kukatangazwa wiki 7 baadaye. Aprili 2025 ikafuata Forza Horizon 5, Agosti Gears of War, na Oktoba ikatangazwa kwamba Halo ya 2001, ikiwa imetengenezwa upya, itakuja PlayStation 5. Bungie, waliotengeneza ile ya kwanza, wanamilikiwa na Sony tangu 2022. Kilichonunuliwa ili kuwa ukuta sasa kinauzwa upande wa pili wa ukuta.

Nafurahi Halo itachezwa na watu wengi zaidi. Sifurahii sababu. Ukuta hauanguki kwa kuwa mtu ameona haya. Unaanguka kwa kuwa sanduku halina tena faida ya kutosha kugharimia tangazo, na kodi ya kila mwezi inalipa kutoka sanduku lolote. Nikilazimishwa kuchagua kati ya mabaya hayo mawili, nauchagua ukuta. Ukuta ulinitoza mara moja mlangoni, na gemu niliyoingia nayo nyumbani ikawa ya kwangu kuirudia, kuiazimisha, kuiuza, kuibishia. Kifurushi kimefungua milango yote na kubaki na funguo zote. Mwenye ukuta alitaka nikumbuke gemu moja maisha yangu yote. Mwenye kifurushi anataka nisahau ya mwezi jana.

Hata hivyo sikubali kwamba chaguo ni hayo mawili tu. Kifurushi kingeweza kubaki mahali pa kuonjea, ikiwa kila gemu iliyomo inauzwa pia kando, kwa nakala inayofanya kazi bila kuomba ruhusa kwa seva. Hilo halihitaji teknolojia mpya. Gemu za zamani zilifanya hivyo bila kujisifu.

Agosti 2024 kampuni ya Krafton ya Korea Kusini iliichukua Tango pamoja na haki za Hi-Fi Rush, na studio ikafufuka. Nilifurahi, halafu nikamkumbuka Zanzo. Gemu iliyowacheka watu wa bajeti iliuawa na bajeti moja na kuokolewa na nyingine, na katika safari zote mbili wachezaji milioni 3 hawakuulizwa chochote, maana wengi wao hawakuwa na chochote mkononi.

Katika sehemu ya pili ya Pentiment wakulima wa Tassing, waliochoshwa na kodi, wanaivamia abasia na maktaba inashika moto. Andreas anakimbilia ndani kuokoa vitabu. Nilipoicheza mara ya kwanza nilimwona mwendawazimu. Mara ya pili nilijiuliza gemu hii yenyewe ingeokolewa na nani, na kwa kubeba kitu gani.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni ndogo ya kazi, na nawaomba wanaoandika juu ya gemu kwa Kiswahili waifikirie. Kila uhakiki nitakaouandika utakuwa na mstari mmoja wa ziada, kama vile mhakiki wa kitabu anavyotaja mchapishaji na bei. Mstari huo utasema gemu inapatikana wapi, inauzwa au inapangishwa, inafunguka kwenye akaunti ya nchi yetu au la, na itabaki nini siku seva zikizimwa. Wasomaji wataamua wenyewe walipe au waache, ila walipe wakijua wanapewa ufunguo au risiti ya kodi.